Ulishawahi kupita (au kukwama) kwa sababu ya rangi? Tupeane uzoefu

Mbongo_Houston
Wakuu habari za jumapili. Naanza mimi. 2022 binti yangu anajaza fomu za chuo, kufika kwenye rangi akatiki Mweusi, basi. Kapata chuo kikubwa na skolashipu juu. Sasa jirani yangu mama mmoja Mmarekani mweusi, ukoo wao wamelima pamba Louisiana tangu utumwa, kijana wake aliomba chuo hichohicho akakosa. Akaniambia kwa utani, ila haukuwa utani, "ninyi mlikuja na ndege". Nilikosa jibu, maana mimi nilikuja na viza ya masomo na mke wangu ana masters yake. Ule mpango wa vyuo kuwapa weusi upendeleo ulianza kwa wazo la kuwafidia kina yule mama, lakini fomu haiulizi babu yako alifanywa nini, inauliza rangi tu. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikapiga stop vyuo kuangalia rangi, ila mtoto anaruhusiwa kueleza kwenye esei rangi yake imemgusaje. Mdogo wake sasa hivi anaandika kuhusu kusimamishwa na polisi mara tatu, na hiyo ni kweli, polisi hawamuulizi kama ni Mchaga.

BabaK_Jozi
😂😂 Mkuu njoo huku Sauzi ushangae. Mimi mweusi tii wa Kigoma, uraia nilipata 2009, HR ananiambia kwenye hesabu za BEE (sera yao ya kuwainua weusi kiuchumi) wewe sio mweusi. Sheria yao mweusi ni raia wa kuzaliwa au wa nasaba, au aliyepewa uraia kabla ya 27 Aprili 1994, au aliyestahili kuupata kabla ya hapo ila ubaguzi ukamzuia. Wachina wazawa wa hapa mahakama iliwaingiza 2008, kwa hiyo kisheria Mchina ni mweusi kunishinda. Roho iliniuma ila nikitulia naona wako sawa, mimi sikufungiwa shule na makaburu.

Mjukuu_wa_Karani
Babu alikuwa karani Tanga. 1962 akapandishwa cheo akamruka Mgoa (Mhindi mwenye asili ya Goa) aliyemfundisha kushika leja, sababu Waafrika walikuwa wanapewa kipaumbele serikalini. Anasema siku ile alishindwa kumwangalia usoni, wakaendelea kukaa ofisi moja mwaka mzima wanaongea habari za mafaili tu. Halafu Januari 1964 Nyerere akafuta ule upendeleo, raia wote sawa, na mwezi huohuo jeshi likaasi, askari wanataka nyongeza na maofisa Waingereza waondoke. Nilimuuliza babu ulifurahi ulipofutwa? Akasema nifurahi nini, mimi nilikuwa nimeshapanda, waliolia ni wa nyuma yangu.

Mbongo_Houston
Dah, mzee wako mkweli. Yule mama jirani bado tunasalimiana vizuri tu, hata pilau la Idi tunampelekea, ila habari za vyuo hatugusi. Nani mwingine?