Simba wanavunja maboma Simanjiro na wanakijiji wanataka kutega sumu: naomba ushauri kabla ya mkutano

MfugajiNyika
Wakuu, habari za majukumu. Kijiji chetu kiko Simanjiro, mashariki ya Tarangire. Boma lina ng'ombe 120, mbuzi na kondoo kama 200, wote ndani ya ua mmoja wa matawi ya miiba wenye kimo cha mita moja na nusu. Lango ni tawi linalovutwa jioni. Tangu mvua zianze wamekwisha kufa ng'ombe 3 na mbuzi 7, na ng'ombe 2 kati ya hao waliuvunja ua wenyewe kwa kishindo wakakutwa nje. Vijana wanataka kumfuata simba kwa mikuki. Baadhi ya wazee wanataka ile dawa ya punje inyunyizwe kwenye mzoga. Mkutano wa kijiji ni wiki ijayo. Naomba ushauri wa mambo mawili: boma lijengweje, na niseme nini nisionekane nampenda simba kuliko ng'ombe wa jirani.

NyayoZaPori
Mkuu, anza na swali ambalo kijiji hakijajiuliza: una uhakika gani kwamba mifugo yote hiyo iliuawa na simba? Anayetajwa ni simba kwa sababu ndiye anayeogopwa, lakini sehemu nyingi za nyika fisi ndiye anayemaliza mbuzi na kondoo.

Soma mzoga kabla watu hawajaukanyagakanyaga. Chuna ngozi ya shingo. Simba na chui hukaba koo, kwa hiyo chini ya ngozi utakuta matundu ya meno na damu iliyovilia. Mara nyingine simba humziba ng'ombe pua na mdomo. Fisi huanzia nyuma na tumboni mnyama angali hai, hivyo utakuta mapaja yameraruliwa na mifupa imevunjwavunjwa. Ukikuta majeraha hayana damu iliyovilia, mnyama aliliwa akiwa amekwisha kufa, pengine kwa ugonjwa.

Kisha tazama udongo laini. Unyayo wa simba ni wa mviringo, sentimita 11 hadi 13, hauna alama ya kucha, na kitanga kwa nyuma kina vifundo vitatu. Wa chui una umbo hilohilo ila ni mdogo, sentimita 7 hadi 9. Wa fisi una vidoti vya kucha mbele ya vidole, na kitanga chake kimekaa upande. Weka kijiti au kiberiti kando ya unyayo upige picha. Utaihitaji kwenye madai ya kifuta machozi cha serikali.

Na msishangae kwamba ni wakati wa mvua. Nyumbu na pundamilia hutoka Tarangire kwenda nyanda za Simanjiro majira hayo, na simba huwafuata.

FundiMaboma
Hao ng'ombe waliovunja ua ndio wanaokueleza tatizo lako. Simba mara nyingi hana haja ya kuingia. Anazunguka upande wa upepo, ng'ombe wanapata harufu, wanasukumana, ua unaachia, anawasubiri gizani. Ua wa miiba unamchoma anayeingia kutokea nje, lakini hauhimili kifua cha ng'ombe anayetoka ndani.

Jenga duara la kipenyo cha mita 30. Mzunguko wake ni mita 94, na ng'ombe 120 wanalala bila kubanana. Tumia wavu wa cheni linki wa futi 6 au 7, tundu la inchi 2, geji 12 (geji ni unene wa waya; namba ikipanda, waya ni mwembamba). Geji 16 bei yake ni nafuu lakini hupinda. Fungua roli dukani uipime kabla ya kulipa.

Nguzo ziwe miti hai, ile osilalei ya Wamasai. Fimbo nene kama mkono, urefu wa mita 2.5 hadi 3, chimbia sentimita 60, moja kila mita 2. Zikishika mizizi, mchwa hawana chakula, na miaka ikipita unapata ukuta wa majani juu ya wavu. Maboma hai ya namna hii yameenea huko huko Simanjiro, upande wa Loibor Siret, kwa hiyo nendeni mkayaone kwa macho kabla ya kununua chochote.

Kosa la kawaida ni kufunga wavu kwa waya unaozunguka shina zima. Mti unanenepa, waya unazama kwenye gome, sehemu ya juu inakauka. Kwenye mti hai piga misumari ya U. Waya wa kufungia nondo uache kwa nguzo kavu.

Chini, usiuache wavu unaning'inia. Fisi anachimba. Fukia sentimita 30, au ukunje kwenda nje kama sketi na uulalie mawe.

Chifu_wa_Lango
Naongeza kuhusu lango, maana wengi humaliza mita 90 za wavu kisha wanarudisha tawi la mwiba pale pa kupitia. Fremu ya mbao au chuma, kimo sawa na wavu, chini pasizidi sentimita 10. Lifunguke kwenda NDANI na ligote kwenye nguzo imara. Ng'ombe wakishtuka wanalisukuma lizidi kujifunga. Likifunguka kwenda nje, uzito wote unabebwa na komeo. Weka komeo mbili, juu na chini, kwa sababu fisi naye atasukuma kutokea nje.

Mbuzi wapewe zizi lao katikati, na vitoto viezekewe wavu. Chui haoni shida kuruka futi 6.

Mpenda_Ng'ombe
Mnazungumza kama simba ni kuku wa jirani. Ng'ombe mmoja ni ada ya mtoto. Wanaomtaka simba awepo wanalala mjini. Kwa nini mfugaji ndiye anunue wavu?

DaktariWaMifugo_Kanda
Mkuu Mpenda_Ng'ombe, hasira yako ni ya haki, na mkutanoni isizimwe. Gharama ya simba inabebwa na anayelala karibu naye. Ila sumu haimrudishii mtu ng'ombe.

Hiyo punje wengi huitumia kabofurani, dawa ya wadudu wa shambani. Haichagui. Mzoga mmoja unaweza kuua fisi, mbweha, mbwa wenu na tai kwa makumi. Tai wakiisha, mizoga inabaki kuoza, na mahali penye kimeta hilo ni janga la mifugo yenyewe. Mtoto aliyeshika nyama hiyo akala bila kunawa yuko hatarini. Dalili ni mate kutiririka, mboni kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kutetemeka, kupumua kwa shida. Mkimbizeni hospitali na mseme wazi kwamba ni sumu ya wadudu, maana dawa yake, atropini, inatakiwa haraka. Mzoga unaoshukiwa msiushike kwa mikono mitupu. Ulindwe, taarifa itolewe, kisha uchomwe.

Mbwa nao wachanjwe kichaa na distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa unaoambukiza pia simba. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa 3 wanaobweka nje ya ua wanatosha. Kazi yao ni kuamsha watu, wasitegemewe kupigana.

Kajiado_Kusini
Jirani kutoka Kenya hapa. Mbirikani, karibu na Amboseli, tangu 2003 kuna mfuko wa fidia. Mkaguzi anakuja kuutazama mzoga. Kama boma lilikuwa bovu au mnyama aliachwa porini, malipo yanapungua. Simba akiuawa, kuna faini na malipo ya eneo lote yanaguswa. Kwa hiyo jirani mwenyewe ndiye anamuuliza jirani, "lango lako vipi?" Na tangu 2007 shirika la Lion Guardians huko Amboseli linaajiri morani wafuatilie nyayo, waonye wachungaji asubuhi na watafute mifugo iliyopotea. Morani alikuwa anapata jina kwa kumuua simba; sasa anapata jina na mshahara kwa kumjua. Vijana wenu wanaotaka mikuki ndio hao hao wa kupewa kazi hiyo, mkipata mfadhili.

Taa za kumetameta pia zinasaidia, zile Richard Turere alizibuni akiwa mtoto, nyumbani kwao kando ya Nairobi National Park: betri, sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za LED zikitazama nje. Zihamishwe kila baada ya wiki chache, simba asizizoee. Vumbi lifutwe kwenye sola. Taa juu ya ua mbovu ni kazi bure.

Mwana_Sheria_Kijijini
Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kutega sumu ni kosa, na msako wa kulipiza kisasi unaweza kumpeleka kijana jela. Kinachotolewa na serikali kinaitwa kifuta machozi, na jina linasema ukweli: hakifiki bei ya ng'ombe. Hata hivyo kidai. Siku hiyo hiyo mwone mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha afisa wanyamapori wa wilaya, ukiwa na picha za mzoga na nyayo. Mzoga usichinjwe wala kugawanywa kabla haujakaguliwa. Hapo ndipo madai mengi huanguka.

MfugajiNyika
Ahsanteni sana. Mkutanoni nianze na nini?

NyayoZaPori
Anza na daftari. Pitia kaya kumi kabla ya siku hiyo, andika kila mnyama aliyekufa tangu mvua: ugonjwa, njaa, kupotea, simba, fisi. Kwa waliouawa na wanyama, ongeza safu moja: alikuwa ndani ya boma, au aliachwa malishoni? Simama uisome kaya kwa kaya bila kumlaumu mtu, ukianza na hasara zako. Usiseme neno "uhifadhi". Mwenye mifugo akisikia kwamba wengi waliliwa porini jioni bila kuhesabiwa, ataanza mwenyewe kuuliza nani alikuwa anachunga. Mara nyingi ni mtoto wa miaka 9 na ng'ombe 80.

FundiMaboma
Na osilalei msizikate leo. Subirini mwisho wa kiangazi, mzikate, mzilaze kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke, ndipo mzichimbie mvua zikikaribia. Ukiichomeka mbichi kwenye tope inaoza kuanzia chini, na utagundua wavu ukiwa umeshaegemea. Kwa msimu huu tumieni nguzo kavu, mwanze na lango.