Naomba ushauri: Scotland ikijitenga na Uingereza, pensheni yangu atailipa nani?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina miaka 51, kazi yangu ni kuhudumia wazee Glasgow. Rekodi yangu ya michango inaonyesha miaka 19 iliyokamilika na 4 yenye pengo, nilipokuwa Tanga namuuguza mama. Pensheni kamili ya serikali inataka miaka 35.

Kura ya 2014 waliokataa kujitenga walishinda kwa asilimia 55, lakini mjadala haujaisha. Kinachonitia hofu ni kwamba michango yetu haiwekwi kwenye mfuko wenye jina la mtu, inawalipa wastaafu wa leo. Serikali ya Scotland iliandika mwaka 2013 kwamba nchi ikiwa huru itawalipa wastaafu wanaoishi humo. Mimi nikistaafu nataka kurudi Tanga.

Baba alikuwa mtumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilipovunjika 1977 ikawa kuulizana nani alipe, hadi makubaliano ya 1984 yakasema kila nchi ibebe watu wake. Bahasha yake ya kaki yenye barua za ajira, imechakaa pembeni, ninayo mpaka leo. Sitaki yanikute yale.

Nimeuliza kwa washauri wa hapa, wakaniambia nisubiri litokee kwanza.

Naomba mnisaidie: nikiwa Tanga wakati huo, deni la miaka yangu litakuwa la London (serikali ya Uingereza) au la Edinburgh (serikali ya Scotland)? Na je, nilipie ile miaka 4 sasa, au fedha hizo niziweke akiba kwingine?