Hizi "in", "on", "at" zimenimaliza, na waliotufundisha walituficha

Wakuu ngoja niseme tu maana nimejaa. Leo nimerudishiwa karatasi ya Kiingereza, wino mwekundu kila mstari, na ukiangalia kosa ni lile lile, vineno vya herufi mbili tatu. Misamiati nimepata, nyakati nimepata, nimezikwa na "on" na "at".

Tulichofundishwa ni ule mchoro wa mpira na boksi. Mpira ndani ni "in", mpira juu ni "on", kwisha, pigeni makofi. Haya, mbona gari dogo ni "in the car" halafu basi ni "on the bus", kwani abiria tunakaa kwenye keria?? Juzi ndo mtu kaniambia chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, basi, treni, ndege, meli, ni "on". Sekunde kumi hizo! Miaka yote hiyo mwalimu alishindwa nini kuzisema?

Muda nao vurugu tupu. Asubuhi "in the morning", usiku "at night", ila ukitaja asubuhi ya Jumatatu inageuka "on Monday morning". Wikiendi Mwingereza anasema "at the weekend", Mmarekani "on the weekend", wenyewe hawajaelewana ila anayekatwa maksi ni mimi.

Lililoniuma zaidi ni "by" na "until". Sisi "mpaka" inabeba yote, mpaka Ijumaa nitakuwa nimemaliza, nitakuwepo mpaka Ijumaa, na hakuna anayechanganyikiwa. Nikaandika "I will finish until Friday", chwaa, msalaba. Kumbe "by" ni siku ya mwisho, unaweza kumaliza hata Jumatano, na "until" ni jambo linaloendelea bila kukatika hadi siku hiyo. Tena "na" yetu imeniponza, ameolewa na fulani nikaweka "married with", kumbe ni "married to". Na "discuss about" wanaifuta, wakati "talk about" ni sawa na "discussion about" ni sawa!! Nikauliza kwa nini, jibu "ndivyo ilivyo".

Ndivyo ilivyo si somo jamani. Kama ni ya kukariri tuambieni mapema tukariri, sio mnatuchorea mpira na boksi halafu mtihani unatunga vingine.

Na wewe unayekuja na "soma sana utazoea mkuu", pita kushoto.