Ndege ya rimoti kwa anayeanza: ninunue iliyo tayari au niunde mwenyewe?

Rubani_Mtarajiwa
Wakuu salaam. Ndege za rimoti nazipenda tangu mdogo, sasa kahela kamepatikana na mwisho wa mwezi nataka niwe nimeshaamua. Niko kati ya vitu viwili: AeroScout, inayokuja karibu kila kitu kimeshafungwa, au niunde mwenyewe ya fomubodi (ile karatasi ngumu yenye sponji katikati, wanafunzi wa usanifu majengo wanatengenezea modeli) halafu mota na serivo (vimota vidogo vinavyosogeza usukani wa ndege) ninunue pembeni. Ipi nzuri kwa anayeanza? Naomba wajibu waliowahi kurusha kweli.

Fundi_Serivo
Mkuu umeuliza nusu swali. Bajeti shingapi? Uko mkoa gani? Rimoti unayo? Chaja ya lipo (betri za lithiamu za ndege hizi) unayo? Na utarushia wapi? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia ndege anayoipenda yeye.

DadaKipanga
Unda mwenyewe kaka, usijiulize mara mbili. Ramani za Flite Test (jamaa wanaochora ndege za fomubodi) ziko bure mtandaoni, chukua ile Tiny Trainer, kwanza ina bawa la aina mbili, unaanza na la chaneli tatu (vitu vitatu tu vya kuongoza kwa rimoti), ukishazoea unaweka lenye eleroni (vibapa vya bawani vya kuilaza ndege upande). Mota ya 2212 KV 1000 (ndiyo ukubwa na kasi yake), ESC (kifaa cha kudhibiti kasi ya mota) ya ampea 30, serivo za gramu 9, ukizinunua mara moja unazihamisha ndege hadi ndege. Ukiangusha, na utaangusha, unakata bawa jingine usiku na gundi ya bunduki, kesho yake uko uwanjani. Mimi bawa la kwanza nilibadilisha mara nne na sikuagiza chochote.

Fundi_Serivo
Dada hiyo mota ni kubwa kwa Tiny Trainer, ile ndege ndogo kabisa, pua itazama. 2212 mpe mwenye bawa la karibu mita moja kwenda juu, kama Simple Cub, ramani nyingine ya Flite Test.

DadaKipanga
Hapo sawa umenisahihisha, mimi yangu niliikuza ramani kwanza. Rubani zingatia hilo.

MzeeBalsa
Vijana, mimi nimeanza na balsa (mbao nyepesi sana) na injini ya mafuta, lakini kwa anayeanza leo nasema nunua iliyo tayari. Kuunda kunataka mtu anayejua ndege iliyokaa sawa inaonekanaje, na wewe bado hujaiona. AeroScout mota iko nyuma ya bawa, ukitua kwa pua propela inabaki nzima, na bawa liko juu, ndege inataka yenyewe kukaa sawa.

Niwape yaliyonikuta. Niliporudi kwenye mchezo huu baada ya miaka mingi niliunda ndege ya fomu, nzuri sana, nikaipaka na rangi, wiki tatu nzima nimekaa nayo. Ramani ilisema betri ya seli 3, mAh 2200, mimi nikapata ya 1300 kwa mtu, nikaona betri ni betri, itaruka muda mfupi tu basi. Sikuweka vidole chini ya bawa kupima mizani. Nikaitupa, ikainua pua yenyewe, nikasukuma stiki mbele ikashuka, nikaachia ikainua tena juu zaidi, mara ikasimama hewani, bawa la kushoto likaanguka kwanza na ndege ikaja chini inazunguka. Sekunde kama nane hivi. Ile betri ilikuwa nyepesi kwa gramu kama 70, na gramu 70 puani ni nyingi mno, uzito wote ulikuwa umerudi mkiani. Mizani inatakiwa iwe robo hadi theluthi ya upana wa bawa (mbele hadi nyuma, siyo ncha hadi ncha) kutoka ukingo wa mbele, ndege ikae sawa juu ya vidole au pua iiname kidogo. Sijawahi tena kurusha bila kupima, hata ndege niliyorusha jana.

Rubani_Mtarajiwa
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Bajeti ni laki nne. Rimoti sina, chaja sina. Niko Dar, Kipawa, kuna uwanja wa shule hapa karibu jioni unakuwa wazi.

Fundi_Serivo
KIPAWA?? Mkuu hapo uko pua na mdomo na uwanja wa Julius Nyerere, ndege za watu zinapita juu ya paa lenu! Hapo hurushi kitu, hata kama kina gramu 300. Waulize TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwanza utaratibu ukoje kwa modeli, halafu tafuta eneo mbali, upande wa Kisarawe au Kigamboni ndani ndani.

baharia_tanga
Namuunga mkono Fundi. Na jioni siyo muda wa anayeanza, hasa kipindi cha kusi, upepo unavuma hadi minazi inalala. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa imetulia. Ufukweni nako usiende, mchanga ukiingia kwenye mota umekwisha, na chumvi inakula waya.

DadaKipanga
Kwa laki nne iliyo tayari haitoshi ukijumlisha usafiri na ushuru, ndo maana nasema fomubodi. Nunua rimoti nzuri kwanza, hiyo utakaa nayo miaka. FlySky i6 inamtosha, halafu anaiunga kwenye kompyuta anafanya simuleta (kurusha ndege ya kwenye skrini) mwezi mzima. PicaSim ni ya bure.

Njoro_Nakuru
Simuleta ni lazima, hapo sibishani na mtu. Ndege ikikuja upande wako kushoto na kulia zinageuka, na hiyo ndiyo inaangusha wengi. Huku kwetu tuko kama mita 1,850 juu, hewa ni nyepesi, ndege inataka kasi zaidi ndio iruke na wakati wa kutua pia. Wewe wa Dar uko na bahati. Lakini nunua yenye jairo (kifaa cha kuituliza ndege chenyewe), itakusaidia sana.

MzeeBalsa
Jairo inamfundisha mtu uvivu wa vidole. Siku ikizimika hajui kitu.

Njoro_Nakuru
Mzee kwa heshima, ndege iliyovunjika siku ya kwanza haifundishi mtu kitu chochote. Unaizima pole pole ukishazoea.

Kunguru_Mweusi
Samahani naingilia, shemeji yangu anatoka Dubai wiki ijayo, naweza kumwagiza lipo 2 aziweke kwenye begi kubwa?

Fundi_Serivo
Begi kubwa hapana! Betri za akiba za lithiamu zinakaa begi la mkononi, ncha za waya zimefunikwa tepu. Seli 3 mAh 2200 ni kama wati-saa 24, iko chini ya 100, kwa kawaida inapita, lakini aulize shirika lake. Na zikifika usiziache zimejaa, weka volti 3.8 kila seli kama huruki wiki hiyo, na usichaji ukiwa umelala.

Rubani_Mtarajiwa
Wakuu asanteni, la Kipawa nimelifuta kabisa, kuna binamu yangu Kisarawe ana shamba, nitamuuliza. Sasa kuna jamaa anauza i6 iliyotumika, anasema laki moja, ila stiki ya mota iko mkono wa kulia. Ni sawa au ni mbovu?

DadaKipanga
Siyo mbovu, hiyo ni Mode 1. Wengi wetu huku tunatumia Mode 2, mota kushoto. Ukizoea ya kulia hakuna atakayeweza kukushikia rimoti ukizidiwa.

MzeeBalsa
Mimi narusha Mode 1 maisha yangu yote, kijana akija Kisarawe nitamshikia mimi.

Fundi_Serivo
Inabadilishika, unafungua nyuma unahamisha springi, halafu unabadili kwenye menyu. Muulize lakini, anauza na risiva yake (kipokezi kinachokaa ndani ya ndege) au rimoti peke yake?