Diski haipo, lakini /etc/mtab inasema ipo. Nisaidieni

mhasibu_ahero
Wadau, habari zenu. Natunza kompyuta ya duka la pembejeo hapa Ahero, inatumia Debian, aina ya Linux. Kila jioni skripti (amri zinazojiendesha) hunakili hesabu za duka kwenye diski ya nje, inayopachikwa (mount), yaani kuunganishwa kwenye saraka (folda) /mnt/akiba. Kabla ya kunakili hutafuta jina hilo ndani ya /etc/mtab, orodha ya diski zilizopachikwa; ikilipata, inaendelea. Sasa diski ya ndani imejaa! Nikiandika df, amri ya kuonyesha nafasi za diski, siioni diski ya nje, ila mtab inaionyesha, hata nikiichomoa na kuwasha mashine upya. Fundi aliyehamisha mfumo kutoka mashine ya zamani hapatikani. Humo mna madeni ya wakulima waliochukua mbolea kwa mkopo, kwa hivyo sitaki kubahatisha.

fundi_kondele
Amini df. Hebu andika ls -l /etc/mtab utuambie.

mhasibu_ahero
Ni faili ya kawaida, mkuu. Hakuna mshale wa kiungo.

fundi_kondele
Basi tatizo ni hilo. Zamani mtab ilikuwa daftari la maandishi: amri ya mount iliongeza mstari, umount ikaufuta. Kiini cha mfumo (kernel) hakikuligusa. Stima ikipotea ghafla, au mfumo mkuu wa faili ukiwa wa kusomwa tu, daftari na hali halisi viliachana. Siku hizi kwenye Linux orodha ya kweli inatoka kwa kiini chenyewe kupitia /proc/self/mounts, na mtab ni kiungo cha kuelekeza huko. Inaelekea wakati wa kuhama yalinakiliwa maandishi badala ya kiungo, na mount ya sasa haiandiki humo tena. Unasoma hali ya siku ile ya kuhama. Ukiwa root (msimamizi wa mfumo), rudisha kiungo:

ln -sf ../proc/self/mounts /etc/mtab

Kwenye skripti, badala ya kutafuta jina, weka hii, inayoisimamisha kama hakuna kilichopachikwa hapo:

mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1

Na usichomoe diski kabla ya umount. Kiini kinaweza kuendelea kuihesabu kuwa imepachikwa.

seva_nakuru
Naongeza: faili ya /etc/fstab nayo isikuchanganye, ile inasema kinachotakiwa kupachikwa, si kilichopachikwa. Andika humo UUID (utambulisho wa kipekee) ya diski pamoja na chaguo la nofail, mashine iwake hata diski isipokuwepo. Kuona hali halisi tumia findmnt. Inasoma /proc/self/mountinfo, iliyopo tangu kiini 2.6.26. Hilo neno self lina maana: kila mchakato (programu inayoendeshwa) waweza kuwa na orodha yake, kwa hiyo kama programu ya hesabu iko ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine), kagua ukiwa humo humo. FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux, wao hawana mtab kabisa, programu huuliza kiini moja kwa moja.

mhasibu_ahero
Asanteni sana. Na nakala za siku zilizopita? Nifute ili nipate nafasi?

fundi_kondele
Usifute chochote! Zimo ndani ya saraka /mnt/akiba yenyewe, kwenye diski ya ndani. Ukipachika diski juu yake hutaziona, na zitaendelea kula nafasi. Kwanza hakikisha findmnt /mnt/akiba haitoi kitu, kisha:

mv /mnt/akiba /mnt/akiba-muda
mkdir /mnt/akiba

Kubadili jina hapo hapo hakuhitaji nafasi ya ziada. Halafu pachika diski, nakili, linganisha kwa diff -r, ndipo ufute.

mhasibu_ahero
Nimefuata yote. Nakala zimelingana na diski ya ndani ina nafasi. Nimejaribu skripti baada ya umount, ikasimama bila kuandika kitu. Mungu awabariki.