Kola yangu ya marinda imefunikiwa wali!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, simtaji. Leo kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza kachukua kola, ile duara ya marinda inayozunguka shingo, niliyomshonea atakayecheza Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, akafunikia sufuria ya wali. Kama kawa! Eti "inapitisha hewa."

Wiki mbili jamani! Mita nane za kitambaa, nimekunja marinda mpaka nayaota. Nimepika wanga, nimetia, nikanyoosha rinda moja moja kwa spoki ya baiskeli iliyopashwa kwenye jiko la mkaa, maana wenyewe enzi hizo walitumia vijiti vya chuma vya moto. Halafu mtu anafunikia wali. Mvuke! Kola imelala kama sikio la mbuzi.

Na hiki si kitambaa cha jikoni. Kilianza kama rinda dogo la shingo ya shati, karne ya 16, kikavimba mpaka Waholanzi wakakiita kola ya jiwe la kusagia. Mwaka 1564 mama mmoja wa Flanders (Ubelgiji ya leo), Dinghen van der Plasse, alifika London akawa anafundisha kutia wanga, ada pauni 4 hadi 5. Pauni za wakati ule! Ukiivaa kila mtu anajua huyu hainami kuokota kuni, ana watu wa kumfulia. Felipe wa Nne wa Hispania alizipiga marufuku 1623 kwa jinsi zilivyokula hela. Mfalme mzima kahangaika nayo, wewe unaona kifuniko cha wali. Wali wenyewe umeungua!

Pwagu wa Pili: Mtoa mada umezunguka sana. Ukoko mlimwachia nani?

Bi Kidude cha Shingo: Mkisema wanga mnamaanisha ule wa nguo au wale wa usiku?

Mkaa Kijiweni: Yote sawa tu. Mwingereza Philip Stubbes aliandika 1583 kwamba wanga ni maji ya shetani. Mwenye maji kaja kuyachukua.

Fundi Kiraka: Weka picha tuone hilo sikio la mbuzi.

Mtoa mada: Siweki. Inanuka kitunguu. Marinda yote, wakuu, YOTE.

Shemeji Yenu: Una nafuu. Kuna fundi hapa mtaani, mnamjua, kanzu yangu ya Idi kanipa Idi imeshapita, na mkono mmoja mfupi.

Pwagu wa Pili: Huyo huyo! Suruali yangu yuko nayo tangu mvua za vuli. Juzi nimemwona kaivaa.

Bi Kidude cha Shingo: Yule wa chini ya mwembe? Mimi kaniambia cherehani iko kwa fundi.

Mtoa mada: Wakuu, kola yangu?

Shemeji Yenu: Mkuu anzisha uzi wako, hapa tunaongelea kanzu.