Klabu ya vinywaji vya kuchachusha chuoni Malindi: tuanze na nini?

Chachu_Mld ameuliza:

Asalaam aleikum na hamjambo wanajukwaa. Tuko wanafunzi kama kumi na watano katika chuo kimoja hapa Malindi, nusu upande wa mapishi na hoteli, nusu maabara. Tunataka kufungua klabu ya kutengeneza vinywaji kwa mikono yetu. Wazo la kwanza lilikuwa bia ya nyumbani kama wafanyavyo wanafunzi wa Ulaya na Marekani, ila tumeanza kusita.

Tulivyo navyo: jiko la gesi la mafunzo, friji moja, ndoo za lita 20 zenye vifuniko, mizani ya gramu, na maabara ya kemia tukiomba ruhusa. Chumba tulichopewa hakina eyakondishena, joto halishuki chini ya nyuzi 28. Maji ni ya kisima, yana chumvi na yanaacha utando mweupe kwenye birika.

Tuanze na kinywaji gani? Vipimo vipi? Na je, chupa hupasuka kweli au ni vitisho vya watu?

---

Maalim_Kemia amejibu:

Waleikum salaam. Bia iacheni. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa atengenezaye kileo, na sijui chuo ambacho ofisi ya wanafunzi itaweka muhuri kwenye katiba ya klabu ya pombe. Tena shayiri na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) zote mtaagiza kutoka mbali, na hamira nyingi za bia hupenda nyuzi 18 hadi 22. Kwa nyuzi 30 zinatoa harufu kali kama ya kiyeyusho cha rangi. Mtatumia pesa nyingi kupata kitu kibaya.

Anzeni na tangawizi ya gesi na siki ya embe. Vyote viwili vinapenda joto lenu hilohilo mnalolilalamikia. Kwenye katiba andikeni "klabu ya uchachushaji wa vyakula", mlezi awe mwalimu wa mapishi au wa maabara, na kuwe na kifungu kimoja kisicho na mzaha: hakuna kukeneka. Mtu akileta habari ya mvuke na bomba la shaba, atoke.

Sasa tangawizi. Kwanza chachu: maji nusu lita, tangawizi ya kukuna na ganda lake gramu 25, sukari gramu 25, kwenye chupa ya mdomo mpana iliyofunikwa kitambaa. Kila siku ongeza tangawizi gramu 15 na sukari gramu 15, ukoroge. Kwa joto la Malindi mapovu huanza siku ya pili hadi ya nne. Ikifika siku ya saba kimya, kosa huwa ni moja katika haya: maji ya bomba yenye klorini hayakuchemshwa wala kulazwa wazi usiku kucha, au tangawizi ilikuwa kavu ya zamani na viumbe vyake vimeshakufa.

Kwa lita 5: tangawizi gramu 250, sukari gramu 400, ndimu nne. Chemsha tangawizi na sukari dakika 15, acha ipoe hadi chini ya nyuzi 30, chuja, kamua ndimu, kisha tia mililita 300 za ile chachu iliyochujwa. Msiwe na haraka hapo kwenye kupoa: ukitia chachu kwenye maji ya nyuzi 50 umeiua, na kesho utasema mapishi ni mabovu.

Maji yenu ni ya mwamba wa matumbawe, yamejaa chokaa. Chokaa humeza ukali wa ndimu, kwa hiyo kinywaji kinabaki na pH ya juu (pH ni kipimo cha ukali: ikiwa chini, ukali ni mwingi) na vijidudu vibaya hupata nafasi. Tumieni maji ya mvua yaliyochemshwa au ya kununua. Mkilazimika kutumia ya kisima, ongezeni ndimu na mpime kwa karatasi za pH hadi ishuke chini ya 4.

Chupa zinapasuka, ndiyo. Hesabu ni hii: kila gramu 4 za sukari zinazoliwa na hamira ndani ya lita moja iliyofungwa hutoa gesi takriban ujazo mmoja, yaani lita moja ya gesi ndani ya lita ya kinywaji. Soda za dukani ziko kwenye ujazo 3.5 hadi 4. Nyinyi mmetia gramu 80 kwa lita. Hamira ikiachiwa ile zote, huo ni ujazo 20. Hakuna chupa ya kioo itakayovumilia hapo, inaruka vipande. Kwa hiyo ni chupa za plastiki za soda peke yake, zile zilizokuwa na soda yenyewe, si za maji. Acheni nafasi ya vidole viwili juu. Kila baada ya saa sita bonyeza kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama mpira wa miguu uliojazwa, peleka kwenye friji. Kwa nyuzi 30 hiyo ni saa 24 hadi 36. Friji hupunguza mwendo tu, haisimamishi, kwa hiyo kinywaji kinyweke ndani ya wiki.

---

Bi_Mkubwa_Lamu amejibu:

Maalim amesema vyema kwenye tangawizi. Nami nitie la siki, maana huku Lamu siki haitoki mezani.

Wanangu, subirini msimu wa maembe, Desemba hadi Machi, muyapate yale yaliyogongwa ambayo wachuuzi hawawezi kuyapanga. Yaliyogongwa, si yaliyooza. Lenye kuvu jeusi kwenye kikonyo litupeni zima, msikate upande. Ngowe ni zuri kwa sababu nyuzi zake ni chache.

Kilo 10 mkizimenya na kutoa kokwa mtapata kama kilo 6 za nyama. Sagani, tieni maji safi lita 6, kisha mchovye haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari (maji matupu husoma 1.000). Itasoma karibu 1.030. Mnataka 1.048. Kila gramu 10 za sukari kwa lita hupandisha kama 0.004, kwa hiyo ni gramu 45 kwa lita, yaani kiasi cha nusu kilo kwa ndoo nzima. Hamira kavu ya mikate kijiko cha chai kilichojaa inatosha. Funikeni ndoo, toboeni kifuniko, pitisheni mpira mwembamba, ncha ya nje mwiitumbukize ndani ya chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie.

Asubuhi na jioni nyama ya embe huwa imepanda juu kama kifuniko. Ishindilieni chini kwa mwiko safi. Msipofanya hivyo, ile ya juu hukauka, hushika kuvu, na harufu yake huingia ndoo nzima. Siku ya tano hadi ya saba haidromita itafika 1.000 na kutulia. Ikisoma vilevile siku mbili mfululizo, kazi ya hamira imekwisha. Chujeni kwa melimeli, acheni itue siku mbili, kisha mwiyafyonze maji ya juu kwa mpira bila kutibua machicha ya chini.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Mpaka sasa mlikuwa mkiikimbia hewa, sasa mnaitafuta. Mimina kwenye chombo kipana, plastiki ya chakula, kioo au udongo uliopakwa vizuri. Chuma, alumini na shaba haramu, siki itavila. Kifunike melimeli mikunjo miwili na ukanda wa mpira ukaze, kwa sababu vile vijinzi vya matunda hupenya penye tundu la sindano na kutaga mayai juu ya siki. Mahali pa giza, chombo kisisogezwe. Baada ya wiki mbili hivi utaona ngozi nyororo juu, hiyo ndiyo mama wa siki. Ukiutikisa mtungi anazama, na kazi inarudi nyuma mpaka aumbike mwingine. Ukiona badala yake utando mweupe wa unga wenye mikunjo, huyo siye. Uondoe kwa kijiko cha plastiki na mwongeze siki mbichi kidogo, yaani isiyopashwa moto.

Wiki sita hadi nane siki iko tayari.

---

Mwanachuoni_Mkomani amejibu:

Hapo kwenye "mwongeze siki" nauliza kidogo. Wengi wetu Pwani ni Shafii, na katika madhehebu hiyo kileo kikigeuka siki chenyewe ni tohara, lakini kikigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake hakitohariki. Mafundi wa siki nao wanashauri utie siki mbichi sehemu moja kwa nne ili kazi iende haraka. Klabu yenye wanafunzi Waislamu isipolifikiria hili mapema, siki itakuwa nzuri na nusu ya wanachama hawataionja.

---

Maalim_Kemia amejibu:

Swali zuri, na kiufundi linajibika. Siki mbichi inatiwa kwa sababu mbili: kuleta vijidudu vya siki, na kushusha pH ili ule utando mweupe usitangulie. Bila kuitia bado inageuka, vijidudu hivyo vimejaa hewani na kwenye maganda ya matunda, ila itachukua wiki tatu au nne zaidi na mtungi mmoja mmoja utaharibika. Chombo kiwe kipana zaidi na kina kisizidi sentimita 15. Gaweni: mitungi miwili ijigeuze yenyewe, miwili itiwe siki, kila mmoja na kibandiko chake. Sheikh wenu mwulizeni kabla ya kuanza, mpelekeeni hatua zote zilivyo, pamoja na ile hamira ya mwanzo.

Na tangawizi vilevile, tuseme ukweli. Gramu 8 za sukari zikiliwa kwa lita, mnapata ujazo 2 wa gesi na kileo cha kama asilimia 0.5. Gesi ya hamira haiji peke yake. Asiyetaka kabisa atengenezewe sharubati nzito ya tangawizi, ichanganywe na maji ya soda wakati wa kunywa. Ladha inakaribiana sana, na chupa haipasuki.

---

Mgema_Kijana amejibu:

Mbona mnahangaika na hamira na sukari wakati minazi iko juu ya vichwa vyenu? Tembo la mnazi linachacha lenyewe tangu likiwa juu kwenye karara, na likiachwa linakuwa siki bila kuulizwa.

---

Bi_Mkubwa_Lamu amejibu:

Kweli, na siki ya mnazi ndiyo tamu kuliko zote. Lakini tembo lisipite lango la chuo. Mlinzi hatauliza kama mnakwenda kutengeneza siki. Tena mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na haidromita haiwasaidii: tembo lililotiwa maji husoma chini, na tembo lililokwisha kuchacha nalo husoma chini, kwa kuwa sukari yake imeliwa. Ikiwa mnaitaka sana, agizeni shambani liletwe likiwa siki tayari, nyinyi mwipime ukali na kuichuja.

---

Chachu_Mld ameuliza tena:

Ahsanteni sana, Bi Mkubwa na Maalim. Mawili yamebaki. Tutajuaje siki imefika ukali wa kutosha bila kukisia kwa ulimi? Na vyombo tusafishe na nini? Tuna jiki tele.

---

Maalim_Kemia amejibu:

Ukali mnaupima kwa maabara mliyo nayo. Chukua mililita 2 za siki kwa pipeti, ongeza maji yaliyokenekwa mililita 50, matone mawili ya fenofithalini (dawa ya kuonyesha rangi), kisha dondosha sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita kutoka kwenye byureti (mrija wenye vipimo) mpaka upate rangi ya waridi hafifu inayodumu nusu dakika. Zidisha mililita zilizotumika kwa 0.3, hiyo ndiyo asilimia. Zikitumika 16.7, siki yenu ina asilimia 5. Chini ya 4 msitilie achari. Siki ya embe ina rangi ya manjano inayoficha ile waridi, ndiyo maana ya maji mengi.

Ikifika hapo isiachwe wazi. Kileo kikiisha, vijidudu hivyohivyo hugeuka na kuila siki yenyewe, na mtungi uliokuwa na asilimia 5 unarudi maji. Jazeni chupa mpaka shingoni, zipasheni kwenye sufuria ya maji hadi siki ya ndani ifike nyuzi 65, zikae hapo dakika 10, zifungwe zikiwa moto.

Jiki: soma kwenye chupa. Ikiwa ya asilimia 3.5, mililita 6 kwa lita moja ya maji zinatosha, dakika 10, halafu suuza kwa maji yaliyochemshwa. Osheni kwa sabuni kwanza, jiki haipenyi uchafu. Na jiki isikae chumba kimoja na siki. Zikikutana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na klabu ya siki ndiyo mahali pa kwanza pa ajali hiyo: mtu anasuuza mtungi ambao bado una mabaki chini. Mtungi wa siki uoshwe kwa maji ya moto tu.

Mitungi ya siki na chupa za tangawizi nazo zitengwe, vyumba viwili mkiweza. Vijinzi vikitoka huku kwenda kule, tangawizi inaweza kuingiwa na vijidudu vya siki.

---

Bi_Mkubwa_Lamu amejibu:

Na kila chupa iandikwe tarehe, nani aliifunga na sukari kiasi gani. Ikipatikana chupa ngumu isiyo na tarehe, ifungueni nje, mdomo ukielekea kando, kidogo kidogo.